Vile vioo nani alikuwa anafuta?

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, mtanisamehe. Mitihani ya majaribio ilipangwa wiki moja yote mitatu, halafu boom likachelewa, sasa mtu unaandika nini na tumbo linaunguruma. Leo nimerudi, na nimerudi na la moyoni. Ni refu kidogo. Chukua chai yako, kaa kwenye kimbweta, tuongee.

Wiki iliyopita kwenye semina ya mbinu za kufundishia Historia kila mtu alitakiwa alete kitu kimoja ambacho siyo kitabu, aonyeshe jinsi atakavyokitumia kufundishia kidato cha tatu. Wenzangu walileta sarafu, picha za magofu ya Kilwa, mmoja alileta kinu cha bibi yake (huyo alipigiwa makofi, na alistahili). Mie nikaenda na ramani na picha za jumba moja la Kiingereza linaitwa Hardwick Hall, liko Derbyshire, katikati ya Uingereza.

Kwa nini hilo? Nitasema ukweli, lilianza na muvi. Tulikuwa chumbani tunaangalia Harry Potter na Deathly Hallows sehemu ya kwanza, ile ya 2010. Mnakumbuka lile jumba la kina Malfoy, jeusi, lina madirisha makubwa mpaka linatisha? Kwa nje lile ni Hardwick Hall, wakaongezea mambo yao ya kompyuta. Nikatafuta, nikakutana na historia yake, nikasahau hata uchawi wenyewe. Halafu maktaba nikabahatika kupata kitabu cha Mark Girouard cha mwaka 1978 kuhusu maisha ndani ya majumba hayo, jalada limechanika, ndani safi kabisa. Nilikisoma usiku mbili.

Sasa semina. Nilipomaliza kuongea, mikono miwili ikanyooka. Wa kwanza akasema, dada, sie tuna Kilwa, tuna Olduvai, tuna Mji Mkongwe, nyumba ya kabaila wa Kizungu inatuhusu nini, hiyo ni kasumba. Wa pili akasema, hapana, ni nzuri, inaonyesha jinsi wenzetu walivyokuwa mbali, miaka ya 1590 wanajenga kitu kama hiki.

Naomba leo niwajibu wote wawili, manake siku ile muda ulikwisha na kuna jambo sikulisema. Kwa maoni yangu wote wawili wamekosea kwa namna moja: mmoja hakutaka kuitazama nyumba, mwingine aliitazama mbele tu.

Tuanze na yaliyo wazi. Hardwick Hall ilijengwa kati ya 1590 na 1597. Aliyejenga ni mwanamke, anaitwa Elizabeth, wengi wanamwita Bess wa Hardwick. Huyu mama hakuzaliwa kwenye utajiri mkubwa. Familia yake ilikuwa na shamba la kawaida tu hapo hapo Hardwick, baba akafariki yeye akiwa mdogo sana. Aliolewa mara nne, mara zote nne akabaki mjane, na kila ndoa ilimpandisha ngazi. Wa mwisho alikuwa Earl wa Shrewsbury, aliyefariki Novemba 1590. Wakati huo Bess ameshavuka miaka 60, umri ambao huku kwetu watu wanaanza kukuambia bibi pumzika. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anajenga. Na pembeni tu alikuwa na jumba jingine halijaisha, lile la zamani! Leo lile limebaki gofu, mawe matupu, ukipita unayaona yote mawili yametazamana.

Ramani inaaminika ni ya Robert Smythson, fundi aliyekuwa ameshafanya kazi Longleat na Wollaton, majumba makubwa ya wakati ule. Mawe yalichimbwa pale pale kilimani. Vioo Bess alikuwa na kiwanda chake mwenyewe. Na hapo ndipo utakapoelewa kiburi cha lile jumba, kwa sababu wakati ule kioo kilikuwa anasa. Nyumba za watu wa kawaida zilikuwa na matundu yenye vibao vya kufunga na kufungua. Bess yeye alijenga ukuta mzima wa vioo, mpaka majirani wakatunga msemo kwamba nyumba ile ina vioo kuliko kuta. Halafu juu kabisa kuna minara sita, na juu ya minara zimechongwa kwa mawe herufi ES, yaani Elizabeth Shrewsbury. Jina lake lipo angani, unalisoma kabla hujafika getini.

Ukisimama mbele, kila kitu kimelingana. Dirisha la kushoto lina pacha wake kulia. Lakini nenda ndani sasa. Baadhi ya yale madirisha ni geresha! Nyuma ya kioo kuna dohani, bomba la kupitishia moshi, hakuna chumba chochote. Yaani mtu alikuwa radhi aweke dirisha lisiloona kitu ili mradi sura ya nje isiharibike. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktaba, mtunza maktaba akanikata jicho.

Na ghorofa zenyewe sasa. Ziko tatu, na kadiri unavyopanda dari linakuwa refu zaidi na madirisha yanakuwa makubwa zaidi. Chini kabisa ni jiko, stoo na watumishi. Katikati ni Bess na familia yake, maisha ya kila siku. Juu kabisa ni pa wageni wakubwa na sherehe: kuna chumba kikuu ambacho juu ya kuta zake kumechongwa msitu mzima kwa plasta, na wanyama, na Diana mungu wa Kirumi wa uwindaji. Kuna pia ukumbi mrefu wa takriban mita 50, wa kutembea tu mvua ikinyesha na kuangalia picha. Ukutani huko kuna vitambaa vikubwa vilivyofumwa vyenye hadithi ya Gideoni wa kwenye Biblia, vipande 13. Bess alivinunua 1592 kutoka kwenye mali za marehemu Christopher Hatton, akapunguziwa bei kwa sababu vilikuwa na nembo ya Hatton, akaifunika kwa nembo yake. Mama wa mjini haswa.

Kwa hiyo mwenzangu wa pili ana haki ya kushangaa. Ni jumba zuri, sibishi. Lakini hebu turudi nyuma kidogo tuone lilitoka wapi.

Nyinyi mnajua hosteli zetu tunaziita Hall. Hall hii, Hall ile. Hilo neno lina historia. Zamani za kati, nyumba ya kabaila wa Kiingereza ilikuwa kimsingi ni ukumbi mmoja mkubwa, na ndiyo maana majumba mengi bado yanaitwa Hall. Ukitaka kuuona nenda (kwa mtandao, nauli hatuna) Penshurst Place, Kent. Ukumbi wake ni wa miaka ya 1340, ulijengwa na mfanyabiashara wa London aliyewahi kuwa meya mara nne, John de Pulteney. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, moshi unapanda wenyewe kutafuta upenyo darini. Bwana alikaa upande mmoja kwenye jukwaa lililoinuliwa kidogo, watumishi na wafuasi kwenye meza za chini, lakini wote chumba kimoja, moshi mmoja, harufu moja ya nyama. Usiku watumishi wengi walilala humo humo.

Sisemi kulikuwa na usawa, msinielewe vibaya. Lile jukwaa lilikuwa linasema nani ni nani. Ila bwana alikuwa anawaona watu wanaomlisha, na wao wanamwona.

Halafu polepole bwana akaanza kuondoka. Mabomba ya moshi yakaja, kila chumba kikaweza kuwa na moto wake, bwana akahamia kula chumba cha peke yake ghorofani. Hadi tunafika Hardwick, ukumbi upo bado, unaingia nao moja kwa moja ukipita mlango mkuu, lakini umeshakuwa mahali pa watumishi kula na wageni kupita. Wenyewe wako juu. Na Smythson akaugeuza, badala ya kulala sambamba na uso wa nyumba kama ilivyozoeleka, ukakata nyumba katikati kutoka mbele hadi nyuma. Wataalamu wanauita ubunifu mkubwa, na ni kweli.

Sasa fikiria chakula. Jiko liko chini. Siku ya mgeni mkubwa mezani ni ghorofa ya juu kabisa. Basi chakula kilipandishwa kwa msafara, watumishi wamejipanga, kupitia ngazi ndefu ya mawe inayozunguka ndani ya nyumba nzima. Ngazi ile inasifiwa sana kwenye vitabu, na kweli kwenye picha ni kama mto wa mawe. Vitabu vinaisifu kutoka kwa macho ya mgeni anayepanda mikono mitupu.

Watumishi wengi wa majumba yale wakati ule walikuwa wanaume, hata jikoni. Na baadhi walilala kwenye viambaza vya ngazi na mlangoni mwa mabwana zao, ili waitwe usiku. Tunajua hivyo kwa sababu orodha ya vitu vya nyumba ile ya mwaka 1601 bado ipo, imeandika vitanda mpaka vya sehemu za kupita. Sie tunaobebana wawili kitanda kimoja tunalalamika, na tuna haki, ila angalau hakuna anayeturuka akienda chooni... au basi, wapo.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyonikaa kichwani. Katikati ya karne ya 17, Roger Pratt akajenga nyumba inaitwa Coleshill, Berkshire. (Msiitafute, iliungua 1952 na ikabomolewa 1958.) Humo kulikuwa na ngazi kuu nzuri ukumbini kwa ajili ya wenyewe, na pembeni ngazi nyingine za nyuma kwa ajili ya watumishi. Lengo lilikuwa wazi: mtumishi asionekane. Kabla ya hapo bwana akishuka asubuhi angeweza kupishana na mtu aliyebeba chombo chake cha haja cha usiku. Baada ya hapo, vitu vinatokea vyenyewe. Moto umewaka, maji ya kunawa ya moto yapo, chombo kimeoshwa, na hujaona mtu. Mtindo huo ukaenea, na kwa miaka mingine zaidi ya 200 majumba ya Kiingereza yakawa yanajengwa mawili kwa pamoja: moja la kuonekana, jingine la kufichwa ndani yake.

Kwa hiyo mnaona safari? Penshurst wote chumba kimoja. Hardwick kila mtu na ghorofa yake. Coleshill wengine wametoweka kabisa. Hiyo ni miaka kama 300 ya mahusiano kati ya anayemiliki na anayefanya kazi, na unaisoma kwenye ngazi na milango bila kukariri mkataba hata mmoja. Hilo ndilo jibu langu kwa yule aliyesema kasumba. Kasumba ni kumfundisha mtoto aipende nyumba ya Mzungu. Kumfundisha aisome, aijue ilivyofanya kazi na migongo ya nani ilibeba nini, hiyo ni dawa ya kasumba. Na mpangilio ule ulisafiri. Nyumba walizojenga wakoloni wa Kiingereza kwetu, nyingi zina kijumba cha watumishi nyuma kabisa, mbali na nyumba kubwa, chenye njia yake. Nyumba zetu za maana tunazojenga leo wenyewe, nani hajakiona kile chumba cha uani?

Sasa nifike kwenye lile sikulisema.

Jumapili nilikwenda kumsalimia mama mdogo, huyu aliyenilea. Nikamwonyesha picha za Hardwick kwenye simu, nikiwa na hamu ya kujimwambafai kidogo na usomi wangu. Akavaa miwani, akakuza picha kwa vidole viwili, akaangalia muda mrefu. Nikajua atasema nzuri. Akaniuliza:

"Mwanangu, hivi vioo nani alikuwa anafuta?"

Nikakaa kimya. Akaendelea: "Na chakula wanatoa huku chini mpaka kule juu? Si kikifika kimepoa? Halafu anagombezwa aliyekibeba."

Wadau, semina nzima ya watu wa shahada hatukuuliza hivyo. Wala mimi niliyesoma kitabu usiku mbili sikuuliza hivyo. Nikamweleza kwamba vioo vya zama zile havikuwa bapa kubwa kama vya leo, ni vipande vidogo vidogo vilivyounganishwa kwa vijiti vya risasi, dirisha moja linaweza kuwa na mamia. Akatikisa kichwa. "Pembe zake ndiyo zinakaa vumbi," akasema. Nikamwambia wafanyakazi wengi walikuwa wanaume. Hapo ndipo alipocheka mpaka akavua miwani.

Mama mdogo anajua kwa sababu amefanya kazi za ndani miaka kumi na saba kwenye nyumba kubwa moja hapa mjini. Beki tatu, kama mnavyoita nyie kwa utani. Ada yangu ya sekondari ilitoka pale. Likizo nilikuwa naenda kumsaidia, na tulikuwa tunaingia kwa geti dogo la nyuma, tunapita uani, tunatokea jikoni. Miaka yote hiyo sebule ya ile nyumba niliiona kwa kupitia mlango wa jikoni tu, ukiwa wazi. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Nyumba ilikuwa imeshatuambia.

Kwenye semina mwalimu aliniuliza, umejuaje kuzitazama nyumba kwa upande wa ngazi za nyuma, mbona watu wengi huanzia mbele? Nikajibu, nimesoma kitabuni, mwalimu. Kichwa nimekiinamisha. Nilimwonea mama mdogo haya mbele ya watu ambao nusu yao nao wamesomeshwa na mama kama yeye. Hiyo ndiyo imenifanya niandike leo. Bess aliiweka herufi zake juu ya minara sita, na mimi nilishindwa kulitamka jina la kazi iliyonifikisha chuo.

Najua kuna mtu atasema nimemwonea Bess. Sijamwonea. Namheshimu. Mwanamke mjane, zama zile, anasimamia hesabu zake mwenyewe, anajenga jumba ambalo mpaka leo watu wanalipa kiingilio kuliona (tangu 1959 liko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi mambo ya kale). Tena tumshukuru, kwa sababu vitabu vyake vya hesabu za ujenzi vimebaki, na ndani yake yamo majina ya waliofanya kazi, mfano fundi mawe John Rodes, na malipo yao. Majumba mangapi yana bahati hiyo? Wale vitambaa vya Gideoni vimetumia miaka 24 kusafishwa na kushonwa upya, kazi ikamalizika 2023. Kwa hiyo hata leo lile jumba linasimama kwa sababu kuna watu wanafuta, wanashona, wanang'arisha.

Ninachodai ni kidogo. Sisi tunakwenda kuwa walimu. Mwezi wa saba wengi wetu tunakwenda fildi. Tukifundisha nyumba, iwe Hardwick, iwe Husuni Kubwa, iwe nyumba ya mkuu wa wilaya, tusiishie kuchora uso wa mbele na kukariri mwaka. Tuwape watoto ramani, tuwaulize: jiko liko wapi, maji yanatoka wapi, nani anapita mlango upi, na nani analala wapi. Halafu wachore nyumba wanayoishi wao, waweke alama hizo hizo. Mtoto wa mama ntilie na mtoto wa mkurugenzi wote watakuwa na la kusema, na nina hakika wa kwanza atakuwa nalo zaidi. Kwa mara moja darasani awe yeye ndiye anayejua.

Kwa mwalimu wangu wa semina, kama unapita humu: nilikudanganya. Sikusoma kitabuni. Kitabu kilinipa tarehe tu. Nilijifunzia geti la nyuma.

Nawasilisha. Najua mtanirushia mawe, haswa wewe wa kasumba, nakusubiri kimbwetani kesho baada ya lekcha ya saa nne. Njoo na hoja, na uje na karanga.